Habari ya Mwenye Nyumba na Mpangaji Wake

Siku hizi watu wengi wa Karagwe na Kyerwa wajenga nyumba za kupangisha. Ukipita Kayanga na Omurushaka, au ukienda mpaka Nkwenda na Isingiro, waona safu za vyumba vya matofali ya kuchoma, na kila mlango una kufuli lake. Mwalimu ajenga, mwuguzi ajenga, mzee aliyeuza kahawa vizuri naye ajenga, maana kila mmoja afikiri moyoni mwake kwamba matofali hayafi kama ng'ombe, wala hayashikwi na mnyauko kama migomba. Nami nilifikiri vivyo hivyo. Leo nataka kuwaeleza ndugu wasomaji habari ya vyumba vyangu sita, na jambo baya nililomtendea mpangaji mmoja, ili ninyi mnaofyatua matofali mwaka huu mpate kulijua kabla hamjaezeka.

Kabla ya kuwa mwenye nyumba nalikuwa mpangaji. Nilipopata kazi ya ualimu mara ya kwanza nilipelekwa katika shule moja ya upande wa Kyerwa, mbali na kwetu, nikapanga chumba kwa mzee mmoja. Chumba kilikuwa kizuri, ila bati moja lilikuwa na tundu juu ya kitanda changu. Mvua zilipoanza mwezi wa tisa nikamwambia Mzee habari ya lile tundu. Akanijibu kwa upole, “Nimesikia, Mwalimu.” Mwezi wa kumi nikamwambia tena, akajibu, “Nimesikia, Mwalimu.” Hata Krismasi ilipofika alikuwa bado anasikia tu, nami nalala kitanda kimesogezwa mlangoni na sufuria iko katikati ya chumba. Walakini siku ya mshahara wangu hakuisahau hata mara moja.

Basi nilipokopa fedha katika chama chetu cha kuweka na kukopa, nikajenga vyumba sita karibu na njia panda ya Omurushaka, nilijiahidi kwamba sitakuwa kama yule mzee. Kodi niliiweka shilingi 25,000 kwa mwezi kila chumba. Vyumba sita ni shilingi 150,000, na mkopo ulikatwa katika mshahara wangu shilingi 110,000. Katika karatasi hesabu hii ilikuwa nzuri sana. Lakini karatasi haikuonyesha kwamba chumba kimoja huweza kukaa kitupu miezi miwili, na mpangaji wa chumba cha pili huweza kuugua, na tangi la maji hupasuka wakati usiotazamiwa. Ikiwa vyumba viwili havilipi, zabaki shilingi 100,000, nazo hazitoshi mkopo. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuwa mpole kwa urahisi kama alivyodhani alipokuwa hana nyumba.

Zamani katika nchi yetu hapakuwa na kodi ya chumba. Mwaka 1861, Mkama Rumanyika wa Karagwe alipowapokea wale Wazungu wawili, Speke na Grant, waliokuwa wakitafuta chimbuko la mto Nile, aliwapa mahali pa kukaa na chakula, nao wakatoa zawadi. Wafanyabiashara Waarabu nao walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao ya Mkama huko Bweranyange. Mgeni wa siku zile hakuulizwa, “Utalipa kiasi gani kwa mwezi?” Aliulizwa, “Wewe ni mgeni wa nani?” Swali hilo la zamani nimelirudisha katika vyumba vyangu, na naona lafaa kuliko maswali mengine yote. Sisi tu jirani na Rwanda na Uganda, na watu hupita kila siku kwa biashara ya kahawa, ya ndizi na ya ng'ombe. Mwenyekiti wa kitongoji ataka kujua nani amelala katika kitongoji chake, naye ana haki. Mtu akija kutaka chumba namwuliza kwao ni wapi, ni nani amjuaye hapa, kisha twaenda pamoja kwa mwenyekiti naye aandikwa. Mwenye nia mbaya mara nyingi hukumbuka shughuli nyingine tukiwa njiani. Madalali hawapendi desturi yangu hii, kwa sababu yachelewesha malipo yao, nao hutaka kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunyoosha kidole tu na kusema, “Chumba ni kile.”

Sasa niwaambie habari ya umeme, maana ugomvi wa wapangaji kwa sehemu kubwa watoka huko. Nilipojenga niliweka mita moja kwa vyumba vyote sita, kwa kupunguza gharama. Kila mwezi wapangaji walichanga sawasawa kununua luku. Basi mwuguzi alikuwa na taa moja tu na simu ya kuchaji, naye hukesha kazini nusu ya mwezi. Fundi cherehani alikuwa na pasi. Kinyozi, ambaye alipanga chumba cha mbele, alikuwa na mashine mbili za kunyolea na redio iliyoimba tangu asubuhi hata usiku. Wote walitoa fedha zile zile. Mwuguzi akanung'unika, kinyozi akasema yeye ndiye mwenye kulipa mapema kuliko wote, na siku umeme ulipokatika usiku hapana aliyekubali kununua, wakalala gizani watu wa vyumba sita kwa sababu ya shilingi elfu chache. Nilijaribu kupatanisha kwa kugawa kwa idadi ya vyombo. Ikawa kila jioni mmoja aja kunishtakia mwenzake amenunua birika la umeme kwa siri. Mwisho nikaweka mita ndogo kwa kila chumba, ili kila mtu aone alichotumia. Gharama yake ilinitoa jasho, walakini kama ningaliiweka tangu mwanzo ningaliokoa amani ya mwaka mmoja.

Liko na jambo la kodi ya jengo. Tangu zamani hata leo watu hawakupenda kodi, nami siwalaumu. Lakini hii imeingia kwa njia ambayo wenye nyumba wengi wameinyamazia. Mwaka 2021 serikali iliamuru kodi ya jengo ikatwe katika manunuzi ya umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mpangaji ndiye anayekatwa. Lakini kodi ile ni ya mwenye jengo. Wako wenye nyumba wanaofurahi kimya kimya. Ikiwa nyumba yako inakatwa, yakupasa kumrudishia mpangaji fedha ile katika kodi yake ya mwezi. Fedha hiyo ni kidogo, lakini mpangaji huiona, naye hujua mwenye nyumba ni mtu wa namna gani.

Habari ya choo nitaisema kwa ufupi, ingawa yaniaibisha. Shimo lilipokaribia kujaa, mwuguzi alikuja akaniambia. Nikamjibu, “Nimesikia, Mama.” Nilipokwisha kusema maneno hayo nikashtuka, maana niliisikia sauti ya yule mzee wa Kyerwa ikitoka kinywani mwangu. Hata hivyo nilikaa wiki sita nyingine kabla ya kuchimba shimo jipya.

Sasa nafikia jambo lenyewe.

Katika chumba cha tatu alikaa yule fundi cherehani, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye kwao ni kijiji kimoja cha upande wa Nkwenda. Mwaka wa kwanza alilipa vizuri. Mwaka wa pili, mwezi wa saba, mtoto wake akaugua, akalazwa, na fedha yote ya nyumbani ikaenda kwa matibabu na nauli. Alipotoka hospitali kazi ilikuwa imepungua, kwa sababu wakati wa kushona ni mwezi wa kwanza, wazazi wanaponunua sare za shule, na kidogo wakati wa Krismasi. Ikapita miezi minne hakulipa, deni likawa shilingi 100,000. Mara ya kwanza nilimsamehe siku, mara ya pili nikamhimiza, mara ya tatu nikasema kwa ukali. Kisha akaanza kunikwepa. Nikipita asubuhi mke wake asema amekwenda kununua uzi. Nikipita jioni ameenda kupeleka nguo. Naye kinyozi akaanza kuchelewa, akisema, “Mwalimu, mbona jirani yangu hadaiwi?”

Nikaghadhibika. Siku ya Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, nikamchukua seremala, nikaenda, nikaung'oa mlango wa chumba kile na kuuchukua nyumbani kwangu. Sikutoa vyombo vyao, wala sikuwatukana. Nilijiambia kwamba kwa hiyo sikufanya ubaya mkubwa. Wengine nimesikia huezua mabati juu ya watu waliolala. Mimi nilitwaa mlango tu. Nilikusudia pia, asipolipa katika juma lile, kuitwaa cherehani yake iwe rehani. Usiku ule mvua ilinyesha sana. Kesho yake nilipokwenda ibadani nilipita njia nyingine, lakini mke wangu alipita ile ile, akaniambia wametundika kitenge mlangoni na kukikandamiza chini kwa mawe, na mama amekaa na mtoto pembeni pasipofikiwa na mvua. Akasema hayo tu, hakuongeza neno.

Jumatatu jioni fundi alikuja kwangu na baba yake. Mzee yule alikuwa na fimbo na koti la zamani, amesafiri tangu asubuhi. Wangaliweza kuniambia maneno makali, maana umri wake ni wa baba yangu, lakini alinisalimu kwa heshima, akaniita Mwalimu, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema, “Mwalimu, mwanangu ana deni, nasi hatukatai. Fedha sina. Lakini mibuni yangu imetoa maua vizuri mwaka huu. Utwae magunia mawili ya kahawa ya maganda wakati wa mavuno, umrudishie mlango.”

Ninyi wasomaji wa Kagera mnajua jambo hilo linaitwaje. Ndiyo butura, yaani kuuza kahawa ingali ua mtini kwa bei ya mnunuzi. Serikali na vyama vya ushirika vimepigana nayo miaka mingi, nami mwenyewe nimewafundisha watoto darasani ubaya wake, nikachora na hesabu ubaoni: mkulima aliyepokea fedha kidogo mwezi wa kumi na moja, na kahawa aliyoitoa mwezi wa saba. Lakini jioni ile sikuliita kwa jina hilo. Niliona ni mzee aliyejitolea kwa hiari yake kulipa deni la mwanawe. Nikapiga hesabu kwa haraka, kama mtu ahesabuye fedha iliyoanguka njiani: magunia mawili ni kilo kama 100, na hata kwa bei ya msimu uliokwisha, kahawa ile ilipita deni mara mbili. Nikatwaa daftari, nikaandika mapatano kwa mwandiko mzuri. Mzee hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Nikawapa mlango wao, wakaubeba wawili gizani, kijana mbele na mzee nyuma.

Wakati huo bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akikaa kwetu. Yeye alizaliwa upande wa Bukoba, akaja Karagwe kwa kuolewa. Alikuwa ameketi jikoni akasikia yote. Wale watu walipokwisha kutoka akaniuliza, “Mjukuu wangu, yule mzee amekuwa mtwarwa wako tangu lini?”

Vijana hawalijui neno hilo, kwa hiyo nitalieleza. Katika nchi za Wahaya kulikuwa na desturi ya nyarubanja. Bwana mmoja, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa ukoo wa Mkama au aliyependwa na Mkama, alipewa eneo lenye vibanja vya watu wengi, na watu wale wakawa watwarwa wake. Mtwarwa aliishi katika kibanja, akalima na kupanda, lakini kila mwaka alimpa bwana sehemu ya mazao yake, na mahali pengine pombe na kazi ya mikono, na bwana aliweza kumfukuza. Kahawa ilipoanza kuleta fedha nyingi wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, desturi hiyo ilizidi kuwa nzito, kwa maana ardhi ya mibuni ilikuwa ni mali. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa watu wa nyarubanja, na mwaka 1968 sheria nyingine ikafuata kwa ajili ya wote waliokaa katika ardhi ya wengine kwa mapatano ya kimila ya namna hiyo.

Bibi alinihadithia habari ya baba yake. Alisema mibuni ile baba aliipanda kwa mkono wake, akaipalilia, akaipogoa, lakini kila msimu kikapu cha kwanza hakikuingia nyumbani kwake. Yeye na ndugu zake walikuwa watoto. Walikibeba kichwani mpaka kwa bwana, wakasimama nje uani wakingoja kuambiwa kwamba kimepokelewa. Bwana yule hakuwa mkali, alisema Bibi. Alikuwa mtu mpole aliyejua kusoma, naye aliandika kila kitu katika daftari.

Maneno hayo ya daftari yaliniingia sana. Nilikwenda kulala sikupata usingizi, nikawasha taa nikatwaa Biblia, nikaitafuta ile sura ya Kumbukumbu la Torati, ya 24, inayosema habari za rehani. Nalikuwa nimeifundisha mara nyingi, lakini sikupata kuisoma nikiwa mdai. Mtu aliyemkopesha jirani yake haruhusiwi kuingia nyumbani mwake kuchukua rehani. Yampasa kusimama nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Na katika sura ile ile yakatazwa kutwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa ndilo uhai wa mtu. Nikaifikiri ile cherehani niliyokusudia kuitwaa. Tena yule aliyesimama nje ya mlango usiku ule hakuwa mimi. Mimi niliutwaa mlango wenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki ya kukodi mpaka kwa yule mzee, na ule ukurasa mfukoni. Nilimkuta akikata majani makavu ya migomba. Nilipomwambia nimekuja kuufuta mkataba, hakufurahi kama nilivyotazamia. Alinitazama kitambo, akauliza, “Mwalimu, umeona magunia mawili hayatoshi?” Alidhani nimekuja kutaka la tatu. Nikamweleza mara mbili, nikampa ukurasa wenye alama ya dole lake. Hakuuchana mbele yangu. Aliukunja vizuri akaweka ndani ya koti, nami sikujua ameuweka kwa sababu gani, ila nafikiri aliona si busara kuharibu karatasi yenye dole lake kabla ya kupata mtu wa kumsomea. Ndipo nilipofahamu jinsi nilivyomtia hofu. Tukakaa chini ya mgomba na mwanawe akiwapo, tukapatana upya: kodi ya kila mwezi ianze kulipwa tangu mwezi wa kumi na mbili, na lile deni la shilingi 100,000 lilipwe kidogo kidogo kuanzia mwezi wa kwanza, kazi ya sare itakapokuja. Safari hii niliandika nakala mbili, mjomba wa kijana akawa shahidi, na nakala moja ikabaki kwao.

Msidhani kwamba baada ya hayo mambo yalininyokea. Mwezi ule nilikopa kwa mwalimu mwenzangu ili niweze kununua chakula cha nyumbani. Kinyozi alipoona fundi hakufukuzwa akakaa miezi miwili bila kulipa, kisha akahama usiku, akachukua hata balbu. Mke wangu aliniuliza kama sasa tutawasamehe wote mpaka sisi wenyewe tuwe wapangaji, na sikuwa na jibu zuri. Fundi alilipa shilingi 40,000 mwezi wa kwanza, na 20,000 mwezi wa tatu. Zilizobaki zilikaa mpaka mwezi wa saba, baba yake alipouza kahawa yake mwenyewe kwa njia ya ushirika, akamtuma kijana na fedha ndani ya bahasha.

Baada ya mambo ya kinyozi nilimwendea rafiki yangu mmoja aliyesoma sheria, nikitaka anieleze nifanyeje siku nyingine. Alinisikiliza, na nilipofika habari ya mlango akacheka kwa huzuni, akasema, “Mwalimu, shukuru Mungu yule kijana hakwenda barazani.” Ndipo aliponieleza mambo ambayo yangalinifaa kabla ya kuchimba msingi. Zamani, chini ya sheria ya mwaka 1984, kulikuwa na mipaka juu ya kodi za nyumba na juu ya kuwatoa wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na wenye nyumba wengi wakadhani sasa wako huru kutenda watakavyo. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yakubali mapatano ya mwaka mmoja au pungufu hata kama ni ya mdomo tu, kwa hiyo mpangaji asiye na karatasi si mtu asiye na haki. Kama hamkupatana muda, basi muda ni ule wa kulipa: alipaye kwa mwezi hana budi kupewa notisi isiyopungua mwezi, naye vilevile akitaka kuhama ampe mwenye nyumba notisi kama hiyo. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Na paa na kuta ni juu ya mwenye nyumba. (Nilimkumbuka yule mzee wa Kyerwa na sufuria yangu.)

Akaendelea kusema kwamba mdaiwa akikataa kulipa au kuhama, shauri lapelekwa kwanza Baraza la Kata. Baraza hilo tangu mwaka 2021 halitoi hukumu, kazi yake ni kupatanisha; likishindwa katika siku 30, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko hutoka amri ya kumtoa mtu. Kung'oa mlango, kuezua bati, kuweka kufuli juu ya kufuli, yote hayo ni kujifanya hakimu. Nikamwambia njia hiyo ni ndefu kwa deni la kodi ya miezi miwili. Akakubali kwamba ni ndefu. Akasema ndiyo maana wenye akili hupatana mapema, deni lingali dogo.

Sasa hufanya hivi. Mpangaji akiingia twaandika nakala mbili kwa Kiswahili chepesi, tukitaja kodi, siku ya kulipa, nani anunue taa ikiungua, nani asafishe choo na zamu zake, wageni wakae siku ngapi. Twatembea chumbani pamoja tukitazama kitasa, kioo na ukuta, na kila kasoro yaandikwa, ili siku ya kuhama tusibishane ufa huu ni wa nani. Fedha naipokea kwa stakabadhi, hata ikitumwa kwa simu. Kodi ya miezi sita mbele, ambayo wenzangu wengi huidai, mimi siidai, kwa kuwa mwenye kipato cha kila juma haipati ila kwa kukopa au kwa butura. Nadai miezi miwili ya kwanza, kisha kila mwezi. Mkulima nampa ruhusa ya kulipa nyingi wakati wa kahawa na kidogo wakati wa masika, mradi tumeandika. Mpangaji akipitisha siku kumi naenda kumwuliza habari mwenyewe, mchana, nikibisha hodi na kusimama nje. Mara nyingi asemalo siku ya kumi ni kweli. Ukingoja mwezi wa nne ameshaona haya, naye huanza kukwepa na kusema uongo. Chumba kimoja nimewapa wasichana wa sekondari ambao shule yao haina bweni, nami sikubali fedha mpaka mzazi aje mwenyewe nimwone, na chumba chao ni kile kilichopakana na cha mwuguzi. Wenye nyumba wengine wanacheka masharti yangu. Wacheke.

Yule fundi bado yuko katika chumba cha tatu. Mtoto wake sasa akimbia uani. Mlango ule tangu siku ile haukai sawa. Bawaba zililegea nilipoung'oa, na ukifunguliwa wakwaruza sakafu kwa sauti, hata nikiwa mbali uani nausikia. Juma lililopita alikuja kuniambia habari yake, pamoja na habari ya mfereji wa bati unaomwaga maji ukutani kwake. Nalikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, na neno lile la yule mzee likaja mpaka kwenye ulimi. Nikaiweka kalamu nikatafuta ngazi. Mfereji tumekwisha kuutengeneza sisi wawili. Seremala wa mlango nimepatana naye aje Jumamosi.